“Wewe Si Kama Wao”: Siasa Kali za Ulaya Zinapoingia Nyumba za Malindi

Kuna swali ambalo hapa Malindi, mji wetu wa pwani ya Kenya wanakoishi Wataliano wengi, halichakai. Lilirudi kwa nguvu Juni 2025, Wataliano walipoitwa kupiga kura ya maoni kuhusu uraia wa wageni, na nimelisikia saluni, ndani ya tuktuk na hata kwenye matanga. Mzee wa Kitaliano amekaa hapa miaka na miaka. Ameoa binti wa Kigiriama, amezaa naye, wali wa nazi anaula kwa mkono, na ukweni kukitokea msiba anachanga kama mkwe mwingine yeyote. Halafu huko kwao anawapigia kura wanasiasa wanaosema Waafrika wanaivamia Italia. Inakuwaje mtu mmoja awe na mambo hayo mawili?

Majibu ya haraka huwa mawili. Wapo wanaosema jamaa ni mnafiki, mke ni pambo tu. Wapo wanaosema siasa za kwao ni za kwao, sisi zinatuhusu nini. Kwa maoni yangu majibu yote mawili yanalikwepa jambo lenyewe, na wanaoumia kwa kukwepa huko ni wake, watoto, mashemeji na marafiki, watu wanaobeba uchungu na hawajui waueleze vipi. Ninaandika kwa ajili yao kwanza.

Tuelewane tunazungumzia nini. Ubaguzi wa rangi wengi wetu tunaujua kwa sura yake ya wazi: matusi, mtu kufukuzwa dukani, mchezaji kurushiwa ndizi uwanjani. Hiyo ni sura moja tu. Kiini chake ni imani kwamba binadamu wana madaraja kwa sababu ya ngozi na asili yao, pamoja na sheria na mazoea yanayojengwa juu ya imani hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mpole, mkarimu, asiyewahi kumwinulia mtu sauti, na bado akaishi ndani ya imani hiyo maisha yake yote bila kuitilia shaka.

Mrengo wa kulia nao si kitu kimoja. Kuna wa kulia wa kawaida: wanataka kodi ipungue, biashara isibanwe, dini na mila ziheshimiwe. Unaweza kupingana nao usiku kucha, lakini hapo ubaguzi si lazima uwepo. Siasa kali za mrengo wa kulia zinakwenda mbali zaidi. Zinasema taifa lina wenyewe wa damu na lina watu wa kuja. Kwamba mtu wa kuja hawi mwenyewe hata akizaliwa hapo, akasoma hapo na kulipa kodi hapo. Na kwamba shida za wenyewe, kuanzia ajira hadi foleni za hospitali, zimeletwa na hao wa kuja. Tofauti kati ya hizi mbili ni kubwa, na familia nyingi zinagombana bure kwa kutoitambua. Mzee anayelalamikia kodi za Italia hajawa mbaguzi kwa kulalamika.

Nchini Italia siasa hizi zina ukoo mrefu. Benito Mussolini, dikteta aliyeanzisha ufashisti, siasa ya ubabe wa dola na utukufu wa taifa, alishika madaraka mwaka 1922 akaangushwa 1943. Mwaka 1946 masalia ya utawala wake waliunda chama, na alama yake, mwali wa moto wa rangi tatu za bendera, imo hadi leo kwenye nembo ya Fratelli d’Italia, chama kilichoanzishwa mwaka 2012 na Giorgia Meloni na wenzake. Uchaguzi wa 2018 kilipata kama asilimia 4 ya kura. Septemba 2022 kikapata 26, na mwezi uliofuata Meloni akawa waziri mkuu. Yeye mwenyewe hakubali kuitwa fashisti, na husema chama chake kimeshaachana na historia hiyo.

Mshirika wake, Lega ya Matteo Salvini, ndiyo yenye mafunzo zaidi kwetu. Ilianza kama chama cha watu wa kaskazini, na kwa miaka mingi waliodharauliwa na chama hicho walikuwa Wataliano wenzao wa kusini, walioitwa wavivu wanaokula kodi za wachapakazi. Salvini alipotaka kura za nchi nzima, neno la kaskazini likaondolewa kwenye jina la kampeni na kidole kikahamia kwa wahamiaji. Akiwa waziri wa mambo ya ndani, 2018 hadi 2019, alizifungia bandari meli zilizokuwa zimeokoa watu baharini. Kwa hiyo mtu anayekuambia chuki hii imetokana na tabia za Waafrika, mkumbushe kwamba maneno yaleyale yaliwahi kusemwa juu ya watu wa Napoli na Sisilia.

BAHASHA MEZANI

Wengi hushangaa kusikia Mtaliano wa Malindi anapiga kura akiwa hapahapa. Ni sheria ya mwaka 2001, iliyopiganiwa kwa miaka mingi na Mirko Tremaglia, mwanasiasa ambaye ujanani alipigana upande wa Mussolini. Aliyejiandikisha kuwa anaishi nje ya nchi hutumiwa karatasi za kura hadi nyumbani, anazijaza, anazirudisha ubalozini. Kura za hapa kwetu zinahesabiwa pamoja na za Afrika nzima, Asia, Oceania na Antaktika, na kapu hilo kubwa lina mbunge mmoja na seneta mmoja. Mwaka 2022 viti vyote viwili vilikwenda kwa chama cha mrengo wa kushoto, mwaka uleule ambao Meloni alishinda nyumbani. Basi usimtazame kila Mtaliano unayekutana naye Lamu Road ukadhani unazijua siasa zake.

Lakini ndivyo siasa inavyoingia, kwa mlango wa mbele, ndani ya bahasha. Binti wa mjomba wangu ameolewa Casuarina, hapahapa Malindi. Mwaka 2022 yeye ndiye aliyetia saini kuipokea bahasha ya mumewe, akaiweka mezani karibu na bakuli la ndimu. Jioni mume akaichana kwa kisu cha siagi, akakunjua karatasi kubwa zenye nembo za vyama, akaomba kalamu kwa mtoto aliyekuwa akifanya kazi ya shule palepale. Alikuwa mchangamfu, anaeleza kwamba safari hii mambo yatanyooka. Mke akamuuliza kama hao anaowachagua si ndio wale wanaotaka Waafrika wafukuzwe. Mume akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mapenzi kweli, akamshika mkono akamwambia, “Lakini wewe si kama wao.”

Alinisimulia siku kadhaa baadaye tukichambua mchicha. Kura yenyewe haikumkaa rohoni. “Hao wao ni kina nani, dada?” aliniuliza. Kaka yake wa tumbo moja alishanyimwa viza ya Italia na bado alikuwa akihangaika kutafuta njia nyingine. Wapwa zake watatu wako mtaani Maweni hawana kazi, na wakipata nafasi ya kuondoka kesho wataondoka. Akiwahesabu hao “wao” mmoja mmoja, anakuta ni watu wa nyumba yake wote, yeye peke yake ndiye aliyetolewa.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu ndipo jambo lote lilipo. Siasa hizi hazimtaki mtu amchukie mkewe wala rafiki yake. Zinaacha nafasi ya kumpenda, kwa sharti kwamba atolewe katika kundi lake. Ni kama bawabu wa hoteli ya ufukweni aliyeagizwa asiingize wenyeji. Wewe anakujua, anakufungulia, anakusalimia kwa jina. Umeingia, lakini amri ya getini haikubadilika, na wenzako wako nje. Siku bawabu akibadilishwa, au wewe ukimkosea, utagundua kwamba hukuingia kwa haki, uliingia kwa hisani. Mtu anayeambiwa “wewe si kama wao” anaisikia hisani hiyo hata asipoweza kuieleza. Anajua mapenzi anayopewa yana mpaka, na mpaka huo umepita katikati ya watu wake.

Ndiyo maana hoja ya “mbona ameoa Mwafrika” haithibitishi kitu. Kwenye makoloni ya Italia, Eritrea na Somalia, kisha Ethiopia iliyovamiwa 1935, Wataliano wengi waliishi na wanawake wa huko kama mume na mke. Walizaa nao. Hayo hayakuwazuia kuamini kwamba mweupe ameumbwa kutawala. Aprili 1937 serikali ya Mussolini ikatoa amri: Mtaliano atakayeishi kinyumba na mwanamke wa makoloni afungwe mwaka 1 hadi 5. Mwaka 1940 ikaja sheria ya kumkataza baba wa Kitaliano kumtambua mtoto wake wa damu mchanganyiko. Wanaume waliodhani mapenzi yao ni mambo ya chumbani wakakuta dola imeketi kitandani. Kuna baba waliowakana watoto waliowalea kwa mikono yao.

Wala suala hili halina mstari mnyoofu wa weusi huku na weupe kule. Cécile Kyenge, daktari mzaliwa wa Kongo, aliteuliwa mwaka 2013 kuwa waziri wa kwanza mweusi wa Italia. Miezi michache haijapita, Roberto Calderoli wa Lega, makamu wa spika wa Seneti, akasema hadharani kwamba akimwona hukumbuka nyani. Mwaka 2019 mume wa Kyenge, Mtaliano, akagombea udiwani kwenye orodha ya Lega hiyohiyo. Ya mtu na mkewe ni yao na sitayakisia. Ninachosema ni kwamba jambo hilo liliwezekana, tena katika nyumba ya mwanamke aliyetukanwa mbele ya taifa zima. Na mwaka 2018 Lega hiyohiyo ilimpeleka bungeni Toni Iwobi, mzaliwa wa Nigeria, seneta wa kwanza mweusi wa Italia, akiwa msimamizi wa siasa za chama juu ya uhamiaji. Mlango wa hisani humpitisha mtu mmoja mmoja, tena huwa na faida kwa chama, maana aliyepita hutumiwa kuwajibu wanaolalamika.

WATOTO HAWANA KUNDI LA KUTOLEWA

Mke mtu mzima ana kwao. Akichoka na maneno anaweza kwenda kwa mama yake Kakoneni, akakaa wiki, akarudi ameshapoa. Mtoto wa ndoa hizi kwao ni pande zote mbili, na siasa hizi zinamtaka aikane nusu moja ya mwili wake.

Simu ndiyo njia kuu. Familia nyingi zina kundi la WhatsApp linalowaunganisha mababu na mashangazi wa Italia na wajukuu wa Malindi. Picha za siku ya kuzaliwa, salamu za Krismasi, video ya mtoto akiogelea Silversand. Katikati ya hayo bibi wa Italia anatuma video ya mashua iliyojaa vijana weusi, na maneno chini yake kwamba hawa ndio wanaokuja kuchukua nchi. Hakukusudia kumuumiza mjukuu. Hakumfikiria kabisa, na hilo ndilo linalouma. Ninamjua binti wa miaka kumi na tano, mwenye nywele za mama yake na macho ya baba yake, aliyeitazama video ya namna hiyo hadi mwisho, kisha akajiondoa kwenye kundi bila kuandika neno. Bibi alilia kwa simu siku mbili akiuliza amemkosea nini. Baba akasema mtoto ana kiburi cha ujana. Mama alijua, akanyamaza, kwa sababu angesema angeonekana anamsema mama mkwe.

Bibi huyo si mwovu, na ni vyema kuelewa namna anavyopatikana. Ni mjane katika mji mdogo ambao vijana wameuhama. Mwaka 2024 nchi nzima ya Italia, yenye watu karibu milioni 59, ilizaliwa watoto kama 370,000 tu. Shule za vijijini zinafungwa. Hofu yake ya kwamba mji wake unakufa ina msingi. Siasa kali humpa hofu hiyo sura na rangi: waliokuondolea wajukuu mtaani ni hawa wa kwenye mashua. Mwaka 2023 Francesco Lollobrigida, waziri wa kilimo, alisema hadharani kwamba Wataliano wasikubali wazo la watu wa asili nyingine kuchukua nafasi yao. Waziri akisema hivyo, bibi atalionaje kuwa ni jambo la chuki? Na simu, ikishaona ameitazama video moja hadi mwisho, inamletea nyingine kumi.

Takwimu za kumjibu zipo, ingawa nakiri kwamba takwimu peke yake hazimgeuzi mtu aliyeingiwa na hofu. Wageni wanaoishi Italia kihalali ni kama milioni 5, yaani kati ya wakazi 100 hawafiki 10. Kundi lao kubwa kuliko yote ni Waromania, karibu milioni 1, watu weupe na Wakristo. Waliofika kwa mashua mwaka 2023 walikuwa kama 157,000. Mwaka 2024 wakashuka hadi kama 66,000. Lakini video haionyeshi Mromania anayemwogesha mgonjwa nyumbani Milano. Inaonyesha mashua, kwa sababu rangi inaonekana haraka.

Mtoto wa Malindi anaona zaidi ya video. Anaona kwamba hata kuzaliwa Italia na kuiletea medali hakutoshi. Paola Egonu, mchezaji wa voliboli, amezaliwa Italia kwa wazazi wa Kinigeria. Mwaka 2023 jenerali wa jeshi, Roberto Vannacci, aliandika kwamba sura ya Egonu haiwakilishi Utaliano. Agosti 2024 Egonu akatwaa dhahabu ya Olimpiki Paris na timu ya taifa, akachorwa ukutani Roma, na haukupita muda mrefu mtu akaja kuipaka ngozi yake rangi ya waridi. Jenerali naye alikuwa ameshachaguliwa Juni mwaka huohuo kwenda Bunge la Ulaya kwa tiketi ya Lega, kwa kura za watu zaidi ya laki 5 walioandika jina lake. Binti wa miaka kumi na tano anayajumlisha haya mwenyewe. Asiambiwe ni kiburi.

ANAYELIPA KARO HAJIBIWI

Sasa niseme lile ambalo kwenye vikao tunalipitia juujuu. Ndoa na urafiki mwingi wa Malindi kati ya Mzungu na mwenyeji umeshonwa kwa pesa. Sisemi kwamba hauna mapenzi. Nimeona wazee wa Kitaliano wakiuguzwa na wake zao kwa uvumilivu ambao mshahara haununui. Lakini mume ndiye anayelipa karo ya shemeji, dawa ya mama mkwe, mabati ya nyumba kijijini. Siku anapotoa neno baya juu ya Waafrika mezani, kuna watu sita pale ambao hawawezi kumjibu. Wanacheka kidogo, wanabadilisha mazungumzo. Mume anatoka pale akiamini hata wakwe zake wanakubaliana naye, maana hakuna aliyepinga.

Kimya hicho kina gharama. Mke huanza kupunguza siku za kuwaalika ndugu zake. Ndugu huona anajitenga, wanasema ameshakuwa Mzungu. Mama anaacha kuja. Ukiuliza ugomvi ulianza lini, hakuna anayekumbuka tarehe, kwa sababu hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na maneno yaliyomezwa, moja baada ya jingine, hadi watu wakakosa la kuzungumza.

Kwa marafiki na wafanyakazi ni vivyo hivyo, tena mkato zaidi. Kijana wa ufukweni amemtembeza mzee miaka mingi, wamekula pamoja, mzee amesimamia ubatizo wa mtoto wake. Mzee anamwita ndugu. Kijana akiomba barua ya mwaliko kwa ajili ya viza ndipo ndugu anaanza kueleza kwamba Italia imejaa. Huenda ana sababu zake halali, dhamana ya viza si mchezo. Lakini kijana anakumbuka yale aliyoyasikia kwenye meza ya kahawa, anaunganisha, na urafiki unabaki kuwa biashara. Wataliano wenyewe nao wamegawanyika. Wapo waliokuwa wakicheza karata pamoja kila jioni ambao leo kila mmoja ana mkahawa wake wa kwenda kukaa, na wapo waliohama Italia kwa kuchoshwa na siasa hizohizo wakazikuta zimewatangulia kwenye baraza za Malindi.

“HATA NYINYI MNABAGUA”

Mume akibanwa, jibu lake huwa hili: Kenya nayo inabagua. Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi moja kwa moja, anapewa kukodi kwa miaka isiyozidi 99 kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Sokoni kuna bei ya Mzungu. Je, huo si ubaguzi?

Hoja hii isipuuzwe, ina jambo ndani yake. Kila nchi huweka masharti kwa asiye raia, na kutaka mipaka isimamiwe si dhambi. Hata katika kura ya maoni ya Juni 2025, iliyouliza kama muda wa kuishi nchini kabla ya kuomba uraia upunguzwe kutoka miaka 10 hadi 5, waliojitokeza walikuwa kama asilimia 30 tu, kura ikaanguka kwa kutofikia nusu. Na hata kati ya waliopiga, zaidi ya theluthi moja walisema hapana. Si wote hao ni wabaguzi. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, sharti lina mlango ambao mtu yeyote anaweza kuupita akilitimiza? Sharti la ardhi la Kenya linamhusu Mtaliano, Mganda na Mchina sawasawa, na akipata uraia linamwondokea. Siasa ya damu haina mlango huo. Egonu ana uraia tangu zamani na bado akaambiwa sura yake haifai. Bei ya Mzungu, hiyo ni tabia mbaya na tuiache.

Lakini kuna ubaguzi wetu ambao mume wa Kitaliano haujui, na sisi tunaujua vizuri. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907. Mashamba ya Malindi yalilimwa na watumwa, na watoro wao walijificha bara. Zaidi ya karne imepita na bado kuna nyumba ambazo mposaji anachunguzwa babu wa babu yake alikuwa nani. Bado neno “mnyika” linatupwa kwa Mgiriama kama tusi. Bado kuna mama anayemsifu mjukuu kwa weupe na kumhurumia yule mweusi. Mkuki kwa nguruwe. Nimeshuhudia posa ikikataliwa kwa sababu hiyo katika ukoo ambao wiki hiyohiyo ulikuwa ukilalamika jinsi kijana wao alivyodharauliwa uwanja wa ndege Ulaya. “Yule ni mnyika, lakini yeye hana tabia zao,” alisema mmoja wa wazee akijaribu kumtetea mposaji. Ni sentensi ileile ya Casuarina.

Watu huniuliza basi wafanye nini, waondoke? Siwezi kumwambia mtu aondoke kwenye ndoa yake. Ninaloweza kusema ni lile nililoliona likisaidia. Ubishi juu ya Italia haufiki popote, mume atakuwa na video na wewe utakuwa na takwimu hadi usiku wa manane. Kilichosaidia ni kuliuliza swali la binti wa mjomba wangu, lakini kumuuliza yeye mume, kwa utulivu na kwa majina: hao wao, ni kaka yangu? Ni mpwa wetu uliyemlipia shule? Mume mmoja niliyemfahamu alikaa kimya muda mrefu akajibu kwamba hakuwa amewafikiria. Hakubadilisha chama. Ila aliacha maneno yale mezani, na shemeji zake wakaanza kuja tena Jumapili. Mwingine aliulizwa hivyohivyo akafoka, na hapo mke akajua yuko na nani.

Kwa watoto, baba wa Kitaliano ndiye anayepaswa kuzungumza na mama yake, kwa lugha yake, kwamba video zile zisije kwenye kundi lenye wajukuu. Kazi hiyo asiachiwe mke, wala mtoto.

Na makaratasi. Mei 2025 Italia ilipitisha sheria iliyobana urithi wa uraia kwa wanaozaliwa nje, kwa kawaida usivuke mtoto na mjukuu wa Mtaliano. Anayesubiri “tutaandikisha baadaye” anacheza na mambo ya wajukuu zake. Kenya imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo mtoto hahitaji kuchagua. Cheti cha kuzaliwa kiwasilishwe ubalozini mapema, ndoa isajiliwe pande zote mbili, pasipoti ya Kenya ya mtoto isiachwe ikaisha muda. Mke naye awe na nakala zake mwenyewe, akiba ya jina lake, na amjue wakili wake asiyelipwa na mumewe.